Bodi ya Rada Iliyotolewa kwa Adabu

Kambini Isfahan, nchini Iran, walimwita Ardeshir Nikfar "Bwana Ni Yako", na hata leo wapo wanaolitaja jina hilo kwa kicheko. Ni vyema wajue lilikotoka.

Ardeshir alikuwa fundi wa rada. Ndege alizozihudumia ziliundwa na Wamarekani ili zitue juu ya manowari, lakini hizi hazikuwahi kutua baharini. Ziliishi jangwani, na tangu mapinduzi hakuna aliyewauzia vipuri. Vita na Iraki vilipopamba moto, mafundi walikuwa wakiivua ndege moja ili kuivalisha nyingine. Bodi ya saketi ya kulisha rada umeme ilibaki moja tu ya kutengenezeka. Ardeshir aliihangaikia majira yote ya baridi mpaka ikapona, akaiweka kwa ajili ya ndege ya Hutan, mdogo wa mkewe, ambaye kesho yake alfajiri angeruka kulinda meli za mafuta.

Mchana huo akaja karakanani Kanali Jalayer kutoka Shiraz na maofisa wake. Wakinywa chai, Kanali akaiona bodi mezani, akaisifu. Ardeshir akajibu kama mtu yeyote aliyelelewa vizuri anavyojibu kitu chake kikisifiwa.

"Ni yako, Kanali. Hata haifikii hadhi yako."

Kanali akakataa, kama adabu itakavyo. Ardeshir akasisitiza, kama adabu itakavyo. Kanali akakataa tena, na Ardeshir akaapa kwa roho ya marehemu baba yake. Hapo ndipo, kwa desturi, mgeni angeshukuru na kuiacha. Lakini Kanali aliibusu bodi, akaitia ndani ya koti.

Ardeshir alicheka akidhani ni mzaha, mpaka wageni walipotoka nayo. Alasiri nzima alipekua ndege zilizovuliwa, asipate kitu. Jioni akamweleza mkewe, Mahlagha, naye akamwambia aende akaiombe.

"Niombe nilichotoa? Baba yako atanionaje?"

"Baba ana mtoto wa kiume mmoja tu. Heshima zenu mtazitafuta baadaye."

Akawakuta wageni kwenye bwalo la kambi wakila chakula cha jioni. Alipoeleza shida yake, wote wakaacha kula.

"Uliapa kwa baba yako," Kanali akasema, "au masikio yangu yalijaa vumbi la njiani?"

"Mkewe kamfukuza, Kanali," ofisa mmoja akadakia. "Mwonee huruma."

Wakacheka. Kanali akamtaka aseme mbele yao wote kwamba kiapo chake kilikuwa hewa. Ardeshir, ambaye ukoo wake haukuwahi kurudi nyuma katika neno lake, akasimama wima akasema.

"Neno langu lilikuwa tupu. Kiapo changu pia."

Kanali hakucheka tena. Akaitoa bodi kwenye koti.

"Nilijua ni adabu tu, Fundi. Nilijua tangu mara ya kwanza. Lakini na mimi nina kijana anayeruka kesho, na rada yake imekufa."

Ardeshir akanyoosha mkono, akaichukua.

Hutan aliruka alfajiri, akarudi salama. Baba mkwe alichinja kondoo, akagawa nyama mtaa mzima. Habari za yule kijana wa Shiraz Ardeshir hakuuliza. Kila alipoona gari kutoka huko likiingia kambini, alitoka kwa mlango wa nyuma na kukaa nje mpaka liondoke.