Siku Niliyompita Mama Kwenye Foleni

Nilimpita mamangu mzazi kwenye foleni, akaniita kwa jina, nikasema simjui.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, jua la Kisumu linachoma kweli kweli.

Mchumba wangu Griffins alikuwa ametulipia siku mbili kwenye hoteli moja kando ya ziwa, yenye slaidi za maji na michezo mingi. Ukilala pale na uongeze pesa kidogo, unavalishwa bangili ya plastiki ya rangi ya dhahabu. Ukiwa nayo hupigi foleni. Unapita tu, wengine wakikukodolea macho.

Na mimi nilipenda kukodolewa. Wacha niseme ukweli.

Foleni ya geti ilikuwa imefika hadi kwa maegesho ya magari. Mlinzi akapaza sauti, "Wapisheni wageni wa bangili!"

Watu wakasogea. Ndipo nikamwona.

Mama. Gauni lake la kanisa, na kikapu cha omena, wale dagaa wa ziwani, mkononi. Anauza omena Port Victoria tangu baba afariki. Biashara hiyo ndiyo iliyonisomesha.

"Debra! Mwanangu!"

Shida ni kwamba nilikuwa nimemdanganya Griffins ati mama ni mwalimu mstaafu.

"Unamjua huyo mama?" akaniuliza.

"Hapana. Amenifananisha."

Mama alikuwa hatua mbili tu. Alisikia. Mkono aliokuwa ameuinua akaushusha polepole, akajifanya anakaza kitambaa kichwani.

Nikamvuta Griffins tupite. Akasimama.

"Ngoja, babe. Nilitaka kukusapraizi. Nilitoa namba ya mamako kwa simu yako, nikamtumia nauli. Hata bangili yake ninayo. Wacha nimpigie nijue amefika wapi."

Nikamshika mkono asipige.

Akapiga. Simu ikalia ndani ya kikapu cha omena.

Mama akaitoa, akaangalia jina, akaniangalia mimi. Akaizima. Akageukia upande wa ziwa kama mtu asiyehusika.

Alikuwa ananifichia uongo wangu!

Griffins hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alienda akasimama kando yake.

"Mama, mimi ndiye Griffins."

"Pole kijana, labda umekosea namba," mama akajibu. "Mimi sina mtu hapa."

Hapo nikavunjika. Nikapiga magoti kwenye vumbi, foleni nzima ikiangalia. "Mama, ni mimi. Nisamehe."

"Inuka," akasema. "Utachafua nguo."

Huu ni mwezi wa tatu sasa. Mama hajawahi kuitaja siku hiyo. Griffins humpigia kila Jumapili, lakini mambo ya harusi ameniambia tungoje kwanza.

Kama kuna mzazi unayemficha watu wasimjue kwa sababu ya kazi yake, mtambulishe leo. Uongo ulikuwa wangu, lakini aliyebeba aibu mbele ya watu wote wale alikuwa yeye.