Maji ya Kusuuzia

Mashua ya baba ilikaa miaka yote Oldonyo Sambu, upande mkavu wa Mlima Meru, mahali ambapo maji yanaletwa na punda. Ukitaka kujua baba alikuwa mtu wa namna gani, anzia hapo.

Aliipata kule Momela, penye maziwa, kabla sijazaliwa, kwa mkulima mmoja wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao, akamlipa fahali. Hata wakati huo ilikuwa ya zamani: mbao nyembamba, mlingoti mmoja, tanga lililopauka. Baba alikuwa dereva wa lori. Akipata mzigo wa Mwanza au Kigoma, mara nyingine aliipakia juu ya magunia, akafika na kuzurura ziwani mpaka hamu imwishe. Safari moja alichelewa hadi ukoo ukaanza kunong'ona habari za msiba. Akatokea amekonda, anacheka, tanga limetiwa kiraka cha khanga ya mama. Mama alimnunia siku kadhaa, na anasema kilichomuuma zaidi ni ile khanga.

Kila aliporudi alimwahidi mama kwamba safari ijayo wataenda wote. Alifariki hajampeleka.

Mwaka jana mama alihamia kwangu Sombetini kwa sababu ya magoti. Hakutaka kitanda chake wala kabati. Alitaka mashua.

"Nikae ndani yake majini hata mara moja," alisema, "kabla miguu haijanikatalia kabisa."

Tukaileta kwa Fuso. Majirani wakauliza kama tumedokezwa kwamba gharika inakuja.

Fundi niliyemwita ni seremala mzuri wa vitanda na milango. Alibadilisha mbao zilizooza, akachonga mlingoti mpya. Mimi nilishona tanga, kile kiraka nikakiacha palepale. Lakini kati ya ubao na ubao ulikuwa unaona mwanga wa jua. Fundi akachanganya gundi na unga wa mbao, kama anavyoziba mlango, na mimi ninayejifanya najua kila kitu nikamshikia bakuli.

"Acheni," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Hizo mbao zina kiu. Mkizijaza hivyo, siku zikinywa maji zitavimba, zikose nafasi, zipasuke. Leteni ndoo."

Tulimwaga maji, yakatoka yote chini. Tukatandika magunia ndani, tukawa tunayalowesha asubuhi na jioni. Nilinung'unika sana, maana bomba letu lina siku zake za kutoa maji. Lakini nyufa zilianza kujifunga zenyewe, mpaka siku moja maji yakabaki ndani.

"Umejuaje haya yote?" nikamuuliza.

"Baba yako alinielekeza, nikamgombeza. Maji ya punda nikayape mbao? Lakini akiondoka na lori, akaiacha mashua nyumbani, kila nikifua nilimwaga humo maji ya kusuuzia. Nilijiambia, isipokauka, atarudi."

"Na alipofariki?"

"Nikaacha. Ya nini tena?"

Nyufa zile nilikuwa nimezitazama wiki nzima, nikiona kazi ya fundi tu. Kumbe ziliachana tangu siku mama alipoacha kumngoja. Niliingia jikoni nikalia, kisha nikapika chai kana kwamba ndiyo iliyonipeleka.

Jumamosi moja tuliishusha Ziwa Duluti. Upepo ulikuwa haba, fundi akashika kasia. Mama alishika ukingo kwa mikono miwili, nikaogopa kwamba anajuta. Tulipofika katikati tanga likajaa kidogo, mashua ikainama upande, naye akacheka kicheko ambacho nilikuwa sijakisikia tangu tumzike baba. Nilifurahi mpaka nikapayuka kwamba tutarudi mvua zikiisha. Nilisema tu, kama watu wanavyosema.

Jumatatu nilimkuta uani, mkono mmoja kwenye fimbo, mwingine umebana beseni kiunoni, anamwaga maji ya kusuuzia ndani ya mashua.

"Yeyo," nikamwita, kama tulivyomwita utotoni, "sasa unamngoja nani?"

"Wewe," alisema. "Si umesema tutarudi?"