Gunia Nililolifua

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka mpaka leo bila kuielewa vizuri, na nakusimulia hivyo hivyo ili tusumbuke wawili.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipofika Bariadi. Wanunuzi binafsi walikuja na malori kugombea pamba, na maduka yakajaa vitu ambavyo utotoni sikuwahi kuviona. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, nimepanga chumba mjini, nakagua pamba kwa mnunuzi mmojawapo. Nilikuwa mbishi. Nikiambiwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nilidai ushahidi.

Bibi yangu aliishi peke yake kijijini Migato na mbuzi wake. Jike lake la mbwa lilikufa likinyonyesha, likaacha kijibwa kimoja tu. Fisi walikuwa wengi kule. Kijibwa kile kingekufa, mbuzi wa Bibi wangebaki bila mlinzi. Nikasema nitakipeleka mjini kikachanjwe, nikilee mpaka kipate nguvu.

"Mume wangu," Bibi akaniuliza, maana ndivyo alivyozoea kunitania, "wewe unakwenda kazini. Utamwacha na nani?"

"Nina vifaa vyote, Bibi."

"Hivyo vifaa vinapumua?"

Nilicheka. Akanipa gunia kuukuu alilokuwa akilalia mama wa kijibwa. Lilinuka. Nilipofika mjini nililifua kwa sabuni, mara mbili, nikaona nimefanya jambo la maana.

Vifaa nilikuwa navyo kweli: bakuli mbili za plastiki, mkanda wa shingo, mnyororo mwembamba, blanketi la mtumba, boksi lililotobolewa matundu ya hewa, na lile gunia safi ndani yake. Bwana mifugo alikikagua kijibwa, akasema ni kizima, ila chanjo ingoje kikue kidogo. Asubuhi nikakimiminia maziwa, nikafunga mlango, nikaenda kupima unyevu wa pamba za watu.

Niliporudi alasiri, jirani yangu Mama Kulwa alikuwa ananingoja mlangoni.

"Msomi, mfungwa wako ameimba tangu ulipotoka. Kosa lake nini? Niambie nikamwekee dhamana."

"Atazoea, Mama Kulwa."

"Atazoea au atanyamaza? Hayo ni mawili."

Ndani, mnyororo ulikuwa umejizungusha kwenye mguu wa kitanda. Maziwa hayakuguswa. Sikuelewa. Kesho yake nilimwachia redio imewashwa, nikidhani sauti za watu zitamtosha. Maziwa yakaganda. Siku ya tatu nikaondoa mnyororo, nikaongeza blanketi, nikahamisha boksi karibu na dirisha. Jioni Mama Kulwa hakunitania. Alisema tu, "Leo hajalia." Nikakuta kijibwa kimelala juu ya viatu vyangu vya kazini, hakiwezi kusimama.

Nilikibeba kifuani hadi Migato, juu ya lori lililokuwa linafuata pamba. Bibi hakunigombeza. Alikiingiza kwenye kibanda cha vitoto vya mbuzi, wale wasioweza kwenda malishoni, kama alivyofanya mama yake mzazi kwa kila mbwa wao. Akakaa nacho humo, akikilambisha maziwa kidoleni. Kisha akatoka hatua chache, akarudi. Akaenda mpaka uani, akarudi. Akaenda kwa jirani, akarudi. Siku ya pili kijibwa kilikunywa maziwa chenyewe, kikalala katikati ya vitoto vya mbuzi huku Bibi yuko shambani.

"Kilichomponya ni nini?" nikamuuliza. "Ni harufu? Ni mbuzi? Au ni maziwa ya hapa?"

"Ulimwandalia kila kitu," akasema, "ila hukumwandalia kuondoka kwako. Anayeachwa hufundishwa kwanza kwamba mtu huenda na hurudi."

Nilitaka kubisha. Nikageuza macho, nikaona ukutani blanketi nililomnunulia Bibi nilipokuwa naanza chuo, lingali ndani ya nailoni yake. Pembeni yake redio niliyomletea Bibi mwaka huohuo, imekaa kimya, haina betri. Miaka mitatu ya masomo nilikuwa nimekuja nyumbani mara mbili.

"Bibi, unasema habari za mbwa?"

"Nasema habari za mbwa, mume wangu. Kula, chakula kinapoa."

Mpaka leo sijui. Nimesoma vitabu vya mifugo na sijapata jibu la gunia wala la vitoto vya mbuzi. Kijibwa kilikua, kikafukuza fisi miaka mingi. Bibi hakuniambia zaidi, nami nilianza kwenda Migato kila Jumamosi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu langu lilikuwa zima. Kilichovunjika hata sijui nikiite nini.

Basi, mwanangu, nakuusia ninachokijua. Ukileta kiumbe nyumbani, andaa bakuli na malazi, lakini usifue haraka kinachomkumbusha kwao. Usimfunge mnyororo ukaondoka. Toka kidogo, rudi. Toka tena, chelewa kidogo, rudi. Mtafutie mwenzi anayepumua. Na kama yuko mtu uliyemwachia blanketi na redio ukadhani umemaliza, usingoje kuelewa kwanza. Nenda ukamwamkie.

Mungu akupe safari nyingi, na kila mlango utakaoufunga nyuma yako, akujalie kurudi kuufungua angali yupo wa kukulaki.