Taruma la Saba

Mwanangu tunamwita Kiroboto. Siku aliyozaliwa, mkunga alimkimbiza mara mbili kuzunguka kitanda ndipo akamkata kitovu. Anayebisha akamuulize mkunga, ingawa yuko kaburini. Leo ana miaka hamsini na bado hajajua kiti kina kazi gani. Hula amesimama. Mkewe huniuliza, "Mama, ulinipa mume au pangaboi?"

Kazi yake ni kuunda yoti za kuagizwa, zile ambazo mwenyewe anataka jiko hapa na kitanda pale. Kwanza huichora yote kwa chaki kwenye sakafu ya karakana, ukubwa ule ule itakaokuwa nao majini. Kwa michoro hiyo ndipo anakata mataruma, yaani mbavu za chombo.

Safari hii mwenye yoti alikuwa daktari wa meno, mwanamke asiyecheka ovyo. Alishamnyang'anya fundi mwingine kazi kwa kosa la unene wa ukucha.

Basi mimi, mikono yangu haina adabu, nikaona vumbi kwenye ile sakafu nikafagia. Kugeuka, mstari mmoja umekwenda na ufagio, pima nzima! Ningesema? Nikaokota chaki nikauchora kwa jicho. Na jicho lenyewe lina mtoto wa jicho.

Mkuku, uti wa mgongo wa chombo, ukalazwa, mataruma yakasimama, mbao zikapanda ubavuni. Mwanangu akaanza kuzunguka. Anapapasa, anaondoka, anarudi.

"Mama, hapa pana kitu."

"Mkono wako umechoka, baba."

"Mkono wangu?"

Akazunguka siku nne, mkate mkononi, mpaka nikahofia atachimba handaki. Nami kila akipita naficha ufagio. Daktari alikuwa anakuja kukagua. Akikuta nundu ubavuni, yoti inaondoka na jina la mwanangu linaifuata.

Akaja. Kabla hajavaa hata miwani, Kiroboto akamwambia, "Daktari, taruma la saba limekosewa. Sijui ilikuwaje, ila kosa ni langu."

Lo! Nimzae mimi, halafu anibebee mzigo bila kujua?

"Si lake," nikasema. "Nilifuta mchoro wake kwa ufagio, nikachora wangu."

Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa, Kiroboto akasimama tuli.

"Mama! Ulichora wewe?"

"Kwa mtu asiyejua hata kuandika jina lake, nilijitahidi."

Daktari akapapasa ile nundu polepole. "Mimi niliwahi kumng'oa mtu jino zima, bovu nikaliacha," akasema. "Yule fundi wa kwanza alinificha kosa lake, ndiyo maana nikaondoka. Hili ling'oeni."

Hajamaliza kusema, mwanangu keshadandia chombo, mbao tatu ziko chini.

"Mama, shika huku!"

"Niache nikae kidogo, magoti yananiuma."

"Utakaa tukishaweka sitaha!"

Nikashika.