Jumamosi Tuliyoandaliwa Risiti

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya mlinzi. Ilikuwa kampuni ya kununua pamba, nje kidogo ya Uvira, nami nilikuwa nimeazima viatu vya kaka yangu, vilivyonizidi kipimo. Chef comptable, yaani mkuu wa hesabu, alinikuta nimesimama mlangoni. Alitazama viatu kwanza, kisha uso. Akanipa kiti, kalamu ya wino na kitabu cha kasa, ambamo huandikwa kila feza inayoingia na kutoka. Penseli alininyang'anya, akisema karani mwenye penseli ni mtu anayejiandaa kufuta.

Kisha akaniambia neno ambalo nimelibeba kuliko mzigo wowote niliotoka nao kwetu.

"Kijana, feza inatoka na karatasi, inarudi na karatasi. Kama karatasi haiko, basi ni weye njo uliikula."

Nilifanya kazi chini yake mpaka vita vilipotufikia. Mambo ya njiani sitayaeleza hapa, wengine wameyaeleza vizuri kuliko mimi, na bado yananiuma. Niseme tu kwamba vita vya pili vilinikuta Malawi, kambini Dzaleka, na mke wangu, watoto watatu, na ile kalamu. Wino ulikuwa umekauka.

Kazi yangu ya pili niliipata Lilongwe, mtaa wa Kawale, kwa mfanyabiashara Mwislamu wa Kindu tuliyemwita Patron. Kambi ilinipa karatasi ya ruhusa, nikawa nashinda dukani siku tatu kwa wiki, nikiandika sabuni, chumvi na mafuta. Siku ya kwanza nilimwona Patron akichukua kilo ya sukari rafuni, akatoa kwacha mfukoni mwake, akazitia katika droo ya duka. Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanieleza kwamba duka ni mtu mwingine, lina tumbo lake, na mwenye duka anayejichotea bure anamwibia mtu aliyelala. Vijana mnaofungua vibanda leo, na mama nyumbani anakuja kuchota unga "kidogo tu", someni mstari huu mara mbili.

Lakini kazi niliyoifanya miaka mingi kuliko zote ni ya ukarani wa likelemba. Asiyeijua aelewe hivi: watu kumi na wawili wanachanga kila wiki kiasi kile kile, na kila wiki mmoja wao anapokea chote. Zamu zinapigwa kura. Wenzangu wote walikuwa akina mama wa kambini, wauza mandazi, washonaji, wauza ndagala, yaani dagaa, ambao Wamalawi huwaita usipa. Mkuu wetu aliitwa Mama Prezidenti, mwanamke wa Fizi, mnene, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kuacha kucheka. Alinichagua kwa sababu ndimi niliyekuwa na kalamu. Wino nilikuwa nimeshanunua.

Utaratibu wetu ulikuwa hivi. Alhamisi michango inafungwa, feza inalala kwangu. Jumamosi tunakusanyika uani kwa Mama Prezidenti, ninaihesabu mbele ya wote, na mwenye zamu anapokea kwa mikono miwili. Kumpa mtu kabla ya Jumamosi ilikuwa marufuku. Karani aliyewahi kumpa shemeji yake mapema alifukuzwa, na hata kanisani watu walikuwa wanamkalia mbali.

Baada ya kupokea, feza ilikuwa lazima imwagiliwe. Kwetu kitu kipya, kiwe baiskeli au mtoto, humwagiliwa kwa kinywaji, na feza ya likelemba nayo ikaonekana kitu kipya. Basi mwenye zamu alipika wali na nyama ya mbuzi, na kreti ya Fanta ilisimama katikati ya ua kama mgeni wa heshima. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nimepanga kununua mlango, maana mlangoni kwetu lilining'inia turubai. Nilimwagilia feza yangu kama mwanamume. Kesho yake nikarudisha chupa, moja ilikuwa imevunjika nikailipa, na kilichobaki kilitosha kufuli. Nikalileta nyumbani. Mke wangu alilipokea, akalitazama, akaniuliza kwa upole kama linafungwa kwenye turubai upande gani. Kufuli lile lilining'inia msumarini mwaka mzima likisubiri mlango.

Mwenye zamu ya mwisho katika mzunguko mmoja alikuwa Mama Neema, muuza mandazi. Binti yake Neema alikuwa amepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, upande wa Likuni, na karo ilitakiwa ilipwe kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Isipolipwa, nafasi inapewa mwingine. Alhamisi ile, michango ikiwa imekwisha kufungwa, alikuja kwangu akiwa bado na unga mikononi. Hesabu yake ilikuwa fupi. Feza yote ya zamu yake ilikuwa karo kamili, haikubaki hata ya kiberiti. Na Jumamosi ilikuwa baada ya Ijumaa.

Nilimwambia awaombe wenzake wamruhusu apokee mapema na asipike. Alitikisa kichwa.

"Nimekula kwa bote, Karani. Bantu kumi na mmoja. Sasa zamu yangu imefika, mi njo nibanyime? Nasikia haya. Siwezi kusema."

"Kama huwezi kusema, mimi nifanye nini?"

"Peleka ku masomo. Useme ni weye ulijiamulia."

Alichokuwa anaomba ni ukarani wangu, na jina langu pia. Nilimfikiria chef comptable, na nina hakika angenikataza. Halafu nikafikiria kufuli. Mbuzi aliyeliwa Jumamosi hakumbukwi Jumatatu, lakini msichana akikosa shule mwaka mmoja, kambini hapa, anaolewa mwaka wa pili. Nilimwambia Mama Neema aende akakaange mandazi yake.

Ijumaa asubuhi nilipanda matola, gari dogo la mizigo, tumekaa juu ya magunia ya viazi mpaka Lilongwe, na feza ndani ya soksi. Kutoka mjini nikachukua minibasi ya Likuni. Mtunza fedha wa shule alikuwa anafunga dirisha. Nililia zikomo, zikomo, neno la Wamalawi la kushukuru na kuomba, mpaka akalifungua tena, akahesabu, akagonga muhuri, akanipa risiti. Niliikunja nikaitia katika kofia, maana soksi nilikuwa sina imani nayo tena.

Jumamosi walikuja wote kumi na mmoja, wameoga, wana njaa. Mama Neema aliketi pembeni akitazama vidole vya miguu yake. Jiko halikuwaka. Nikasimama, nikavua kofia, nikatoa risiti, nikasema feza ya zamu hii imekwenda kulipa karo ya Neema, na niliyeamua ni mimi peke yangu.

Mama Prezidenti aliisoma ile karatasi polepole, akaigeuza na upande wa nyuma.

"Karani, leo tutakula hii karatasi?"

Hakuna aliyecheka. Mmoja akasema nifukuzwe, mwingine akakumbusha habari za yule wa shemeji. Mama Prezidenti akamgeukia Mama Neema, akamuuliza kama alinituma. Mimi nikajibu kabla yake kwamba hakunituma mtu. Naapa niliogopa siku ile kuliko nilivyoogopa njiani kuja Malawi, labda kwa sababu njiani nilikuwa na wenzangu.

Mama Prezidenti akainuka, akaingia ndani. Nikajua akitoka nitakabidhi kitabu. Akatoka na sufuria ya maharage, chakula cha jioni cha watoto wake, akaiweka pale ambapo kreti ilikuwa inasimama.

"Mi niko na njaa," alisema. "Na mtoto wa mwenzetu iko na masomo. Kila mutu alete kenye kiko kwake."

Wakatawanyika, wakarudi mmoja mmoja. Sombe, yaani kisamvu, ikaja, nsima, ugali wa Wamalawi, ikaja, ndagala wakaja, na mke wangu akaja na sahani ya lengalenga, mchicha wa kwetu, na uso unaosema tutaongea nyumbani. Tulikula mpaka tukalegea. Kisha wakanihukumu: kwa kuvunja sheria, nioshe sufuria zote. Nilizisugua kwa mchanga na majivu mbele ya watu, masizi yamefika viwikoni, na watoto wa jirani waliitana kuja kutazama.

Tangu siku ile likelemba yetu haikumwagilia feza tena. Kila mtu alikuja na sufuria yake, tukala kilichopo, na mwenye zamu akaenda nyumbani na feza kamili. Mabati yalianza kuonekana juu ya nyumba zetu. Kufuli langu lilipata mlango.

Niliacha ukarani macho yaliponiacha. Nilianza kuandika mchango wa huyu kwenye mstari wa yule, na daktari akasema ni mtoto wa jicho, anaondolewa, lakini kwa gharama. Nikakabidhi kitabu nikasema nimezeeka tu. Siku ya kuniaga walikuja na sufuria zao kama kawaida, na Neema alikuja pia kutoka Lilongwe, sasa muuguzi katika hospitali ile ile niliyopimwa macho. Tulipomaliza kula, mama yake akasimama. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, hilo hata mimi niliweza kuliona.

"Ile siku ya risiti, ni mi njo nilimutuma Karani. Aliosha sufuria, na makosa ilikuwa yangu. Leo nitaziosha mi."

Akafunga kitenge chake vizuri, akachota majivu, akainama. Mama Prezidenti, naye sasa wa kutembelea fimbo, alisema alijua tangu siku ile ile, ila alitaka sufuria zake zioshwe. Neema akaniwekea karatasi mkononi, akasema tu kwamba atanipeleka hospitali. Sikuweza kuisoma, nikaitia katika kofia.

Niliisoma baada ya wiki mbili, walipoondoa bandeji jichoni, katika hospitali ya misheni kule kule Likuni. Ilikuwa risiti ya matibabu, yamelipwa yote, ina muhuri. Pale panapoandikwa jina la aliyelipa, Neema alikuwa amewaandikisha: Wenye Sufuria.