Shingo Iliyogeuka Nyeupe

Fundi wa magitaa alikuwa mwanamke, na mtaa mzima ulimwita Msasa. Jina lilimfaa: mkavu wa maneno, akikugusa lazima upungue kidogo. Alisifika kwa shingo za mepo, mbao nyeupe ya miti ya nchi za baridi. Mbao hiyo haitaki kuachwa uchi. Vanishi ikilika, inakunywa jasho la vidole na kugeuka kijivu, na ikishakunywa haitapiki.

Ndivyo ilivyokuwa shingo aliyoletewa na dereva wa lori, ya gitaa la marehemu baba yake. Chini ya nyuzi, pale mzee alipopenda kubonyeza, madoa yalijaa kama nyayo. Dereva aliomba jambo moja tu.

"Paka vanishi juu, fundi. Hayo madoa ni mzee. Usije ukamfuta."

Msasa akaifungua shingo, akaitundika dirishani, akaenda kumuuguza mama yake. Aliporudi, shingo ilikuwa nyeupe kama yai lililomenywa.

Hakupiga kelele. Alimtazama wifi yake, dada wa mumewe, aliyeshona mifuko ya magitaa katika chumba hichohicho. Wifi alikuwa ameinamia cherehani anaimba, naye si mtu wa kuimba. Msasa akamkumbuka yule mnunuzi wa magitaa makuukuu aliyezoea kupitapita, na jinsi wifi alivyomchekea meno yote nje. Akajumlisha: shingo ya mzee imeuzwa, hii imewekwa badala yake.

Akaanza kumpeleleza. Wifi akitoka kuchota maji, yeye anapekua chini ya vitambaa. Wifi akiongea na mteja, yeye katega sikio. Mumewe alipodokezwa alisema dada yake ana makosa yote duniani, ila wizi unataka akili. Msasa akaona ndugu ni ndugu tu, watateteana.

Mwisho uvumilivu ukamshinda.

"Wifi, shingo ya dereva iko wapi?"

"Si hiyo uliyoishika?"

"Hii si yake."

"Basi ilizaliwa pacha," wifi akajibu bila kuinua uso.

Msasa akalivuta gitaa, akaipachika shingo. Iliingia kama mguu kwenye kiatu chake cha zamani, na skrubu zote zikauma matundu yaleyale. Ndipo alipoona, pembeni mwa vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo, vumbi la kijivu limekwama, laini kama unga.

"Umeipiga msasa."

Cherehani ikanyamaza. "Nilidhani ni uchafu. Nikasema ukirudi na uchovu wa mgonjwa, ukute imebaki vanishi tu." Sauti ikashuka. "Nilipoiona sura yako nikaogopa kusema."

Msasa akakaa kitako. Heri angekuwa mwizi, kilichoibwa hufuatwa. Hiki kilikuwa kimefagiliwa. Wifi akanong'ona kwamba wachovye kidole kwenye chai ya rangi, watie madoa mapya, nani atajua. Msasa alijua kuifanya kazi hiyo kuliko yeye, na alijua hata mzee alipenda kubonyeza wapi. Mikono ikamwasha. Akaliacha gitaa mezani lilivyo.

Dereva alipofika, Msasa alimweleza kwamba alama zimefutwa humo ndani, kwa makosa, na kwamba shingo ni ileile. Akamwonyesha hadi matundu ya skrubu. Dereva alisikiliza mpaka mwisho, akapitisha kidole juu ya ule weupe, kisha akawatazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine.

"Mzee wangu," akauliza taratibu, "mmemuuza kwa nani?"