Nililegeza kamba nilipotakiwa kukaza: Jumamosi niliyokaribia kupindua mashua ya Mgiriki, Tanga

Wakuu, kwa umri wangu nazipokea shikamoo zenu zote kwa mkupuo: marahaba. Akaunti nimefunguliwa na mjukuu, lakini maneno ni yangu, na haya yalinikuta mwenyewe, sikusimuliwa.

Ni miaka ya hamsini, Tanga, kabla ya uhuru.

Mimi mzaliwa wa Moa, kijiji cha pwani. Shule niliacha darasa la tatu. Si kwa dhiki, miguu tu haikutulia. Nilikata mkonge Pongwe, nikabeba mizigo ya watafiti kule Amani, kisha nikashuka mjini kuosha vimashua vya Wazungu waliokuwa wakishindana Jumamosi alasiri. Kila nilichokishika nilitaka kujua kinafanyaje kazi. Wengi niliwachosha.

Aliyenivumilia ni Bwana Yani, Mgiriki, fundi mitambo wa shamba la mkonge. Kimashua chake kilikuwa cha mbao nyembamba, cha watu wawili, chepesi kama sanduku tupu.

Jumamosi moja mwenzake akashikwa na malaria. Yani akaenda kuzungumza na wakubwa wa mashindano, akarudi amekunja uso.

"Wao nasema wewe ingia, leo tu," akaniambia kwa Kiswahili chake cha shambani. "Kama sisi pinduka, basi. Hapana Mwafrika tena."

Mbaruku, mwosha mashua mwenzangu, akasikia. "Sabuni umechukua? Maana naona unakwenda kuoga."

"Nitakuletea maji ya kunawa," nikamjibu.

Nilicheka, ila nilijua. Nikipinduka narudi kwenye ndoo na brashi, na mlango unafungwa kwa Mbaruku na wengine wote.

Tukatoka. Mwanzo mambo mazuri. Yani ameshika usukani na kamba kubwa ya tanga, mimi nina kamba ndogo ndogo, na kazi ya kuning'inia nje upande wa juu ili mashua isilale.

Tulipopita usawa wa kisiwa cha Ulenge upepo ukazidi. Mashua ikaanza kulala.

"Punguza nguvu!" Yani akapiga kelele.

Sasa wakuu, mimi nimekulia kwenye ngalawa ya mjomba. Ngalawani upepo ukizidi unalegeza. Unaachia kamba, unateremsha tanga, unapumua. Ukikaza umejichimbia kaburi.

Basi nikalegeza. Kulikuwa na kamba inayovuta pembe ya nyuma ya tanga kwenye mti wake wa chini. Nikaiachia kama shubiri moja.

Mashua ikalala zaidi. Maji yakaanza kuingia.

Nikasema moyoni, sijalegeza vya kutosha. Nikaachia tena.

Hapo tanga likafura kama mimba ya miezi tisa, na ubavu wa chini ukazama wote. Nikamwona Yani ananitazama kwa mshangao, maji yamemfika magotini.

"Wewe fanya nini?"

"Napunguza nguvu, bwana."

"Wewe ongeza! Nataka ua mimi? Kaza! Kaza yote!"

Niliona ameingiwa na wazimu. Lakini hakuninyang'anya kamba. Aliiachia kidogo ile kamba yake kubwa, tanga likapigapiga bila nguvu, akaningoja. Ningojwe mimi, katikati ya mawimbi, nirekebishe kosa langu.

Nikavuta ile ya pembe ya nyuma mpaka viganja vikachubuka. Nikavuta na ile inayoteremsha tanga mbele, kwenye mlingoti. Nikavuta na inayozuia mti wa chini usiinuke. Kila kitu kikakaza kama ngozi ya ngoma.

Yani akavuta tena kamba yake. Mashua ikasimama wima, ikaondoka.

Sikuelewa, wakuu. Upepo ni ule ule, tanga ni lile lile.

Tulipozunguka boya na kurudi upepo ukiwa mgongoni, nikamwuliza kwa nini. Akanionyesha kiganja amekikunja kama anateka maji. "Hii kamata upepo mingi." Akakinyoosha. "Hii, upepo nateleza, nakwenda." Kisha akacheka: "Sasa, rafiki, legeza. Sasa sisi nataka tanga iko na tumbo."

Tulimaliza wa tano kati ya saba. Ufukweni mkubwa mmoja wa mashindano akatazama maji yaliyojaa ndani, akamwuliza Yani mtu wake alifanyaje.

Neno moja tu la kweli lingenimaliza.

Yani alikuwa anakamua shati. "Iko kaza vizuri," akasema. Kisha akanigeukia: "Jina ya baba yako nani? Wao nataka andika kwa Jumamosi ingine."

Mpaka siku hiyo pale nilikuwa boi tu. Nikataja jina langu na la baba, pole pole, yasikosewe.

Niliendelea naye misimu mitatu. Mbaruku naye akaja kupanda na Mzungu mwingine, na alipinduka mara mbili bila kufukuzwa na mtu.

Nilichojifunza: kilichotaka kunizamisha si ujinga, ni kile nilichokijua vizuri kutoka mahali pengine. Tangu hapo nikiingia kazi mpya nauliza kwanza, hata nikionekana mzee msumbufu.

Yani aliondoka nchini nikiwa safarini, sikuwahi kumwambia asante. Kwa hiyo naiweka hapa. Asante, Bwana Yani, kwa kuningoja.

Nanyi je, nani alikuwa na haki ya kukunyang'anya kamba mkononi, akakuachia? Mtajeni hapa, nitasoma wote, taratibu, miwani ikiniruhusu.